Wanawake tunaotokwa na nywele hapa Mwanza: mbona kwa hili hatupewi pole?

Binti Nansio (mleta uzi)

Shikamoo wakubwa, wengine habari za jioni.

Uzi huu nimekaa nao moyoni karibu miaka miwili. Naandika usiku huu kwa sababu jana, soko la Kirumba, kuna mama kanipa pole kwa kukosea, na tangu hapo sijatulia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ilemela, nina miaka 38, mume na watoto wawili. Nilipomaliza kidato cha nne na ruhusa ya kufuga nywele ikaja, zilijaa kichwani mpaka wasusi walikuwa wananidai nyongeza. Rasta zikitoka, wivingi inaingia. Wivingi ikitoka, natia dawa nabana. Nadhani kwa miaka kumi na tano kichwa changu hakikuwahi kupumzika wiki mbili mfululizo.

Zilianza kuondoka mapanjani. Nikaficha kwa kusuka rasta ndogo zaidi, zilizokazwa zaidi, zinazoanzia kwenye malaika, vile vinywele laini vya mbele kabisa, na kila nikifumua panja limepanda juu kidogo. Halafu utosi ukaanza kuwasha. Usiku unachoma kama umepakwa pilipili. Siku moja nikapitisha kidole nikakuta mahali pamekuwa laini, pana kama kisahani cha kikombe, hakuna kitu.

Mnajua huku kwetu nywele hazitupwi ovyo. Ndege akizijengea kiota kichwa kitakuuma, na mwenye nia mbaya akiziokota ni habari nyingine. Nikawa nazikusanya kwenye kopo la maziwa, nyumba ikilala nazichoma kwenye jiko la mkaa. Harufu yake haifichiki. Mwanangu mkubwa akatoka chumbani, "Mama, nini kinaungua?" Nikamwambia manyoya ya kuku. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili. Baada ya hapo niliacha kuhesabu.

Niliacha kwenda kuoga ziwani na watoto. Kwenye meli ya kwenda nyumbani kwetu Nansio, mimi niliyekuwa napenda kusimama juu kuangalia Mwanza inavyobaki nyuma, nikawa nakaa chini karibu na injini, kwenye joto, maana upepo wa ziwa hauheshimu kilemba. Mume wangu akinyoosha mkono kichwani kwangu, naukamata njiani naushusha begani.

Kuna kitu kilinichanganya sana. Wasichana wangu wa darasa la sita wote wamenyolewa, ndiyo kanuni, na ni wazuri. Mimi mwenyewe nilinyolewa miaka yote ya shule na sikuwahi kujiona nimepungukiwa. Sasa kwa nini ninalia? Jibu nililolipata ni hili: kunyolewa, unamjua aliyeshika wembe na unajua zitarudi. Kutokwa na nywele, hujui nani kashika wembe wala ataishia wapi.

Sasa ya jana. Nilikuwa nimefunga kitambaa cheusi. Mama ninayenunua kwake dagaa akanitazama, akaacha kupima. "Mwalimu, pole na msiba." Kwa huku kwetu, mwanamke akionekana hana nywele na amefunga nyeusi, watu wanajua ameondokewa. Nilitakiwa kusema hapana mama, hakuna msiba. Mdomo ukajibu wenyewe: "Nimeshapoa." Akaniongezea dagaa kiganja kizima. Nikatembea hadi nyuma ya vibanda, nikalia kama mtu aliyefiwa kweli.

Ndugu zangu, sisi mtu akijikwaa kidole tunampa pole. Akipita na mzigo, pole. Akitoka kazini, pole na kazi. Kwa miaka minne nimeambiwa "ni nywele tu", nimeambiwa "vaa wigi yaishe", nimeambiwa "umejitakia na mawivingi yako", nimeambiwa nishukuru nina afya. Pole ya kwanza nimeipata jana, na haikuwa yangu.

Wenzangu, ninyi mlipewa? Naomba tu kwa leo tusianze na mafuta.

---

Mama Kulwa na Doto

Pole sana mwalimu. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo uliyoiulizia.

Mimi zilinitoka baada ya kujifungua mapacha. Mwezi wa tatu, nikichana zinakuja na kitana kizima, nikioga zinaziba tundu la bafu. Mama mkwe akasema watoto wameanza kunitambua ndiyo maana wananivuta nywele. Nilikuwa sijalala wiki nyingi, maziwa yanavuja, tumbo limelegea, na sasa kichwa nacho kinaondoka. Nilijiona nayeyuka. Nesi wa kliniki ya watoto ndiye aliyenieleza: mimba hushikilia nywele ambazo kwa kawaida zingekuwa zinaanguka kidogo kidogo, kisha ukijifungua zinaachiliwa kwa pamoja, miezi miwili hadi minne baadaye. Watoto walipofikisha mwaka zilikuwa zimejaa tena.

Zangu zilirudi, kwa hiyo siwezi kusema najua kilicho moyoni mwako. Ila ile miezi naikumbuka kuliko uchungu wa kujifungua.

---

Tiba Asili Igoma

Pole dada. Nina mchanganyiko wa mlonge, nyonyo na habasoda, siku 14 nywele zinaota hata kwenye kipara cha miaka kumi. Njoo inboksi.

---

Binti Nansio

Tiba Asili, nakujibu kwa heshima kwa sababu najua wapo wanaosoma kimya na vidole viko tayari kukutumia hela.

Nimepaka nyonyo. Nimepaka maji ya kitunguu hadi mto wa kulalia ukawa hauwezi kuoshwa. Nimepaka karafuu, maji ya mchele, mlonge, na kichupa kimoja cha shilingi 45,000 kilichotoka kwa mtu aliyeniapia kwa jina la Mungu. Kila kichupa kilikuwa na wiki mbili za matumaini ndani yake. Nilikuwa naamka alfajiri kabla ya watu, nasimama na kioo kidogo nyuma ya kichwa na kingine mbele, natafuta kinyweleo. Wiki mbili zikiisha naporomoka upya. Hela iliniuma, lakini huku kuanguka tena na tena ndiko kulikonimaliza.

Nilichelewa miaka miwili kwenda kwa daktari wa ngozi. Ni wachache kanda hii, na wengi wao wamepitia Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC. Alinikata kipande cha ngozi kama punje ya mtama kikapimwe. Majibu: mapanja yameharibiwa na kuvutwa, ila utosini ni ugonjwa mwingine kabisa. Ni upara wa makovu, unaanzia utosini na kutanuka pande zote, na unatupata zaidi sisi wanawake weusi. Ndani ya ngozi shina la unywele linavimba, kisha linazibwa na kovu. Palipozibwa hapaoti tena, si kwa mafuta wala kwa maombi ya kichupa. Dawa zinatuliza uvimbe ili usisogee kwenye nywele zilizobaki. Kwa hiyo mtu mwenye kichwa kinachowasha na kuchoma, anayezunguka na mafuta, anapoteza muda ambao nywele zake zingeokolewa. Ndiyo sababu nimekujibu kwa urefu.

Nilimuuliza kama nimejitakia. Akasema kusuka kwa kukaza kumechangia mapanja, hilo lipo wazi. Kwa utosi, chanzo chake chote hakijulikani, lakini mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu wana kasoro kwenye jeni moja, PADI3, inayosaidia kuunda unywele. Maana yake kwa wengine unatembea katika ukoo. Akaniuliza kuhusu mama yangu. Nikajibu mama hana tatizo hilo.

Nilitoka pale nimeambiwa hazirudi, na bado nilitembea mwepesi kidogo. Miaka minne nilikuwa nimebeba "umejitakia".

---

Mume wa Buswelu

Mwalimu, pole. Naomba kuuliza kama mwanaume.

Mke wangu ana mwaka wa tatu halali bila kofia. Najua kuna kitu. Sijawahi kusema neno kwa sababu nilidhani nikinyamaza ndiyo nampa heshima yake. Nimesoma pale uliposema unaukamata mkono njiani, nimeweka simu chini kwanza. Na mimi wangu hukamatwa. Nifanye nini? Nisije nikavuruga.

---

Binti Nansio

Kaka, asante kwa kuuliza.

Mume wangu naye alinyamaza, kwa nia njema kama yako. Mimi kile kimya nilikisikia kama kinyaa. Nilijua amekwishaona na nikaamini anangoja tu siku ya kusema. Miaka miwili tulizima taa kabla sijavua kitambaa.

Alichofanya siku moja ni kidogo sana. Nilikuwa nahangaika kupaka dawa ya daktari, mikono imechoka, akachukua kopo akasema, "Utosini hufiki mwenyewe. Kaa chini." Nikakaa kwenye mkeka kati ya magoti yake kama mtoto anayesukwa. Taa ilikuwa inawaka. Hakusema mimi ni mzuri, hakusema ni nywele tu. Alipaka polepole, akaniuliza kama panauma. Sasa ni kazi yake kila jioni.

Usimvue kofia. Muulize tu kama panauma.

---

Bibi wa Kamachumu

Wajukuu zangu hamjambo.

Mimi niko ng'ambo ya ziwa, Muleba. Mwalimu anauliza pole, mimi nitawaambia kwa nini wengine tuliogopa hata kupewa.

Kwetu Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Miaka iliyofuata watu walijifunza kusoma miili ya wenzao. Nywele zikiwa chache, laini, zimelala kama za mtoto mchanga, basi hukumu imetoka. Hawakuwa na haja ya kipimo. Mwaka 1994 niliugua malaria kali na upungufu wa damu, nikakonda, nywele zikanyonyoka. Nikienda kisimani wanawake wanapisha ndoo zao. Mteja wangu wa ndizi akawa anaweka hela chini niokote. Mume alikuwa safarini, wakamwandikia barua.

Sikuwa nao ugonjwa. Ila nasema hivi kwa ajili ya waliokuwa nao: wao walitengwa kwa kichwa kile kile, na wengi wao walikufa kabla dawa hazijafika. Dada yangu mmoja alikuwemo. Nilimfunga kitambaa kichwani mimi mwenyewe siku ya mwisho ili watu wanaokuja kumwona wasianze kunong'ona mlangoni.

Hadi leo nikimwona mwanamke amejifunga kichwa vizuri sana, hata nyumbani kwake, moyo unanipasuka kidogo. Pole mjukuu wangu. Hii ni yako kabisa.

---

Binti Nansio

Shikamoo bibi. Sina la kuongeza. Pole ya dada yako.

---

Upepo wa Bwiru

Mwaka juzi nilitibiwa saratani ya titi pale hospitali ya Bugando. Waliniambia mapema kwamba zitatoka, na kweli, wiki ya tatu tangu dozi ya kwanza nikaamka nusu ya nywele ziko kwenye mto. Kaka yangu akaninyoa zilizobaki uani, watoto wa jirani wanatazama.

Pole nilipewa, tena nyingi, lakini zilikuwa za saratani. Nilipolilia nywele dada yangu alinikemea, unalilia nywele na uhai unao? Nikajifunza kulia kwa zamu: mbele za watu nalilia ugonjwa, peke yangu nalilia nywele. Na si za kichwani tu. Titi hufunikwa na nguo. Nyusi na kope zikiondoka, sura yako inakuwa ya mtu mwingine na huna cha kufunga. Nilikuwa napita kwenye vioo vya maduka ya barabara ya Kenyatta naangalia pembeni.

Zilianza kurudi miezi michache baada ya dozi ya mwisho, laini, zimejikunja tofauti na zamani. Mwalimu, nimefikiri sana kama niandike hili, maana zangu zimerudi na za utosini mwako umeambiwa basi. Nimeandika kwa sababu hata mimi, mwenye ugonjwa unaoheshimika, kwa nywele sikupewa ruhusa.

---

Msusi wa Mlango Mmoja

Nasuka mwaka wa kumi na tisa. Uzi huu umenikalisha chini.

Sisi wasusi tunaona kabla ya mwenye kichwa. Mteja anakaa, unagawa nywele, unakuta panja limekuwa tupu kiasi cha vidole viwili. Wengi wetu hatusemi, tunaogopa mteja asirudi. Tunachukua zile malaika tatu zilizobaki tunazining'inizia rasta nzima. Nimefanya hivyo. Mteja naye anasema kaza zikae mwezi. Usiku anameza panadoli, asubuhi anakuja kunionyesha vipele vya mbele, namwambia paka mafuta vitapoa.

Vipele vile ni kichwa kinaomba msaada. Ukisukwa ukashindwa kulala, ukashindwa kukunja uso, fumua, hata kama umelipia elfu hamsini. Nywele zilizong'oka mara moja huota. Zinazong'olewa sehemu ile ile miaka kumi huchoka. Na rasta nzito juu ya nywele zilizotoka kutiwa dawa ya kunyoosha ni hatari zaidi.

Kuna jambo lingine limenikaa. Saluni niliyokuwa zamani, mteja alivua kilemba, mwenzangu akaniita kwa jicho, "njoo uone." Nikaenda. Yule dada alituona kwenye kioo. Hakusema kitu, alilipa hela ya kuoshwa akaondoka bila kuoshwa. Sijui kama anasoma humu. Kama unasoma, ilikuwa saluni ya ngazi za bluu, ulikuwa na gauni la kitenge cha kijani. Nisamehe.

---

Nyakato Kwetu

Mimi nakumbuka Machi 2022, ule usiku wa tuzo za Oscar, mwigizaji Will Smith alipompiga kofi mchekeshaji Chris Rock kwa mzaha juu ya kichwa cha Jada, mke wa Smith. Jada alikuwa ameshasema tangu 2018 kwamba nywele zinamtoka. Ofisini kwetu wiki nzima mjadala ulikuwa kofi: ni sahihi au si sahihi. Nilikuwa nimekaa katikati yao na wigi langu, na chini ya wigi mashimo manne ya duara, kinga ya mwili inashambulia nywele zangu kana kwamba ni adui. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mama alilalaje usiku ule.

Nimeandika. Ndiyo mara ya kwanza naandika mahali popote kwamba ninao ugonjwa huu.

---

Mama Kulwa na Doto

Pole mdogo wangu wa Nyakato.

---

Msusi wa Mlango Mmoja

Pole dada. Siku ukitaka kichwa kishikwe taratibu, njoo jioni nikishafunga. Sitakudai.

---

Binti Nansio

Nimerudi baada ya siku kumi. Samahani kwa kukaa kimya, nimesoma kila neno.

Jumamosi nilipanda meli kwenda nyumbani. Mama yangu ana miaka 71, na tangu nipate akili sijawahi kumwona bila kitambaa. Analala nacho, anaoga mlango umefungwa. Sisi watoto tulijua ni uchaji wake, kwa sababu ni mama wa kanisa. Lile swali la daktari nililijibu haraka, kisha likaanza kunirudia usiku.

Jioni tulikuwa chumbani kwake tunachagua dagaa. Nikafungua kilemba nikainamisha kichwa mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hayakutoka. Akaweka ungo chini. Akapitisha kidole kuzunguka ule upara, taratibu, kama mtu anayefuata mpaka wa shamba analolijua. Kisha akainuka akafunga mlango, akarudi, akafungua chake.

Pale pale. Utosini. Kwake umeshuka hadi karibu na masikio.

Ulimwanza baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho, ina maana miaka 33. Alinyonyesha, akalima, akauza, akamzika baba, na hakuna aliyewahi kuona. Nikamuuliza kama baba alijua. Akasema walikuwa wanazima taa.

Nikamwambia, "Pole, mama."

Alikaa kimya kidogo, anakunjakunja kile kitambaa mapajani.

"Nimeshapoa," akasema. Akavuta ungo, tukaendelea kuchagua dagaa, vichwa wazi, hadi giza lilipoingia na yeye mwenyewe akainuka kuwasha taa.